Jiwe la Naliaka

Masinde alikuwa hodari wa kupatanisha watu wasiokuwepo. Ukimpa mume aliyelaaniwa na mke aliyegeuzwa chemchemi, kabla chai haijapoa atakuwa amewarudisha chini ya paa moja, wanagawana muwa na kuchekana. Waliokuwepo ndio waliomshinda, na hasa mmoja, aliyelala naye kitanda kimoja.

Kazi yake ilikuwa loko ya Nakuru, pale injini za reli zinapolazwa na kutengenezwa. Alikuwa msaidizi wa fundi wa boila, mtu mrefu, mwembamba, mwenye masizi kwenye kucha hata Jumapili akitoka kanisani. Alikuja kutoka upande wa Bungoma akiwa kijana, akapewa chumba kimoja katika safu za nyumba za reli, akarudi kwao kuoa, akaja na Naliaka. Majirani walitoka kila upande, Wajaluo, Wabukusu, Wanandi, na kuta zilikuwa nyembamba kiasi kwamba mwenzako akipiga chafya upande wa pili unamwambia pole ukiwa bado umelala.

Serikali ya wakoloni ilipotangaza Hali ya Hatari, kafyu ikawafungia watu ndani mara jua likizama. Ndiyo sababu hadithi, ambazo kwao husimuliwa usiku, zilihamia Jumapili mchana, kwenye mataruma ya zamani, yale magogo ya kulazia reli, yaliyorundikwa karibu na bomba la maji. Wazee walinung'unika kwamba hadithi za mchana huleta nuksi. Masinde aliwacheka. Alisema nuksi haiwezi kuvuka vumbi la magadi lile lililokuwa linapeperuka kutoka ziwani wakati wa kiangazi na kuwafumba watu macho.

Hadithi yake ilikuwa moja tu, ndefu, na iliendelea Jumapili hadi Jumapili. Ilimhusu Mwindaji, kijana asiye na ng'ombe wala ndugu, aliyemwoa Binti Ukungu, msichana aliyepanda kutoka ndani ya shimo la volkeno la Menengai, juu ya mji, asubuhi moja ya baridi. Sasa, huko shimoni kuna mazimwi ambayo hayakuifurahia ndoa ile, na kila mara yalitafuta njia ya kuivunja. Hapo ndipo wasikilizaji walipoingia. Mtu akitaka kuwajaribu wale wapenzi, aliokota kokoto la reli, akaliweka mbele ya miguu ya Masinde na kutaja mtihani wake. Masinde hakuruhusiwa kuukataa. Akiufumbua, jiwe linatupwa relini na watu wanapiga makofi. Akishindwa, ni lazima alichukue jiwe, alale nalo nyumbani kwake. Tangu mchezo uanze hakuwahi kulala na jiwe la mtu.

Mtu wa kwanza kuweka jiwe karibu kila Jumapili alikuwa Ogola, jirani wa ukuta mmoja, mtia makaa wa injini, mwenye kifua kipana na sauti ya kumtisha ng'ombe.

"Masinde, leo nimekukamata," alisema siku moja. "Zimwi inavaa sura ya bwana. Iko na uso yake, iko na sauti yake, hata kovu ya mguu. Wote wawili wanasimama kwa mlango. Huyo bibi atajua bwana yake namna gani?"

Masinde alikuna kidevu. Kisha akamfanya Binti Ukungu apike uji, aumimine katika vibuyu viwili, awape wale waume wawili na kuwaambia, nilisheni, mikono yangu imeungua. Zimwi likampelekea mdomoni uji wa moto vile vile. Mwindaji aliupuliza kwanza, akauonja kwa ncha ya ulimi, ndipo akampa. Wanawake waliokuwa bombani waliacha madebe yafurike. Adero, mke wa Ogola, alimtazama mumewe kwa jicho la namna yake, na inasemekana wiki ile Ogola alipuliza uji mara nyingi kuliko alivyozoea.

Hivyo ndivyo Masinde alivyojua mapenzi. Aliyajua sana, kwa mdomo.

Naliaka hakuwa akienda kwenye mataruma. Yeye na Masinde walikuwa wamepata mtoto mmoja, msichana, aliyezaliwa wakati wa kiangazi, wakamwita Nasimiyu. Mtoto alitembea, akaanza kusema maneno, akajifunza kumwigiza baba yake anavyokohoa akitoka kazini. Kisha surua ikapita katika nyumba za reli, ikamchukua. Masinde hakuomba ruhusa ya kumpeleka Bungoma akazikwe kwa babu zake. Barabara zilikuwa na askari, na yeye alimwogopa msimamizi wake. Akasema reli haisubiri mtu. Mtoto akazikwa makaburi ya mji, watu wachache wakiwa wamesimama, na kesho yake Masinde alikuwa ndani ya boila akigonga kutu.

Kabla ya hapo kila mtu alimwita Naliaka Mama Nasimiyu. Baada ya maziko watu waliona vibaya kulitaja jina, wakarudia kumwita Naliaka, kama mtu ambaye ndiyo kwanza ameolewa. Walidhani wanamhurumia. Masinde naye hakulitaja tena hata mara moja, si kwa mkewe, si katika sala. Mkewe akianza kusema alikuwa akimkatiza, "Yamepita," kisha anatafuta kofia yake.

Siku moja Masinde aliruhusiwa mapema kutoka kazini kwa sababu boila ilikuwa bado ya moto. Alipofika mlangoni alisikia sauti ndani, akasimama. Naliaka alikuwa amepiga magoti karibu na jiko. Mbele yake palikuwa na kile kibakuli cha bati cha mtoto, na ndani yake tonge la ugali na mboga kidogo. Alikisukuma taratibu kwa vidole viwili na kusema, "Kula, mama, kabla haijapoa." Akangoja. Kisha akakichukua, akala mwenyewe.

Mume mwenye akili angeingia akapiga magoti upande wa pili. Masinde alirudi nyuma kwa kunyata, akaenda kukaa kwenye mataruma mpaka saa yake ya kawaida ya kurudi ikafika. Hakumwambia mkewe kwamba alimwona. Nami nataka kuamini kwamba alitoka pale na uchungu. Lakini fundi wa hadithi ana ubaya wake. Akiona kitu kizuri hawezi kukiacha kilale.

Jumapili iliyofuata, vumbi lilikuwa limetulia na watu walikuwa wengi. Masinde akaanza: Binti Ukungu sasa ana jambo la siri. Mwindaji akienda porini, mkewe anapakua chakula katika kibakuli kidogo, anakiweka karibu na moto, anamkaribisha mtu asiyeonekana.

"Iko na bwana ingine!" Ogola akapiga kelele. "Huyo bibi anapika kwa bwana ingine!"

Watu waliangua kicheko. Masinde hakukusudia kicheko, lakini kilipokuja kilimlevya. Akapiga magoti juu ya taruma. Akapeleka vidole viwili mbele, taratibu. Akailegeza sauti yake mpaka ikawa nyembamba, na kwa sauti ile ile ya mkewe, maana alijua kuigiza, akasema, "Kula, mama, kabla haijapoa."

Wanaume walishika mbavu. Bombani wanawake hawakucheka. Adero alikuwa ameyasikia maneno yale kupitia ukutani, siku nyingi, na hakuwahi kumwambia mtu, hata mumewe. Alifunga bomba, akajitwika debe lake nusu, akaondoka. Masinde aliuona mgongo wake ukienda. Aliendelea kusimulia.

Kesho yake Naliaka alikwenda kuteka maji. Kulikuwa na foleni. Mama mmoja kijana, mgeni, asiyejua lolote, alimsogezea debe lake na kusema kwa mzaha, kwa ile sauti nyembamba, "Kula, mama, kabla haijapoa." Ndivyo walivyokuwa wakitaniana tangu jana. Wengine walimkanyaga mguu, lakini neno likishatoka limetoka. Naliaka aliuliza wameyatoa wapi maneno hayo. Hakuna aliyemjibu, na katika kule kutojibu akajua.

Alirudi na debe tupu. Masinde alikuwa anavaa viatu.

"Nani alikuruhusu?" Naliaka aliuliza kwa Kibukusu, bila kupaza sauti, kwa sababu ya kuta.

Masinde angeweza kusema mambo mengi. Akachagua lile baya kuliko yote. "Ni hadithi tu," alisema.

Naliaka aliliweka debe chini. "Niombee pasi ya reli," alisema. "Mwisho wa mwezi nakwenda kwetu. Ya kwenda tu. Ya kurudi usijisumbue."

Mfanyakazi wa reli alikuwa na haki ya pasi ya kusafirisha jamaa yake bila nauli, kwa hiyo neno lenyewe lilikuwa jepesi. Ni kwenda ofisini kusema. Lakini Masinde alizunguka ofisi ile wiki nzima kama mtu anayemkwepa mkwewe. Karani wa pasi alikuwa Wamalwa, mtu wa kwao, aliyekuja kwenye mataruma kila Jumapili na kucheka kuliko wote. Angeuliza, bibi anakwenda kwa nini? Nusu ya haya ya Masinde ilikuwa kwa ajili ya mkewe, nusu ilikuwa kwa ajili ya jina lake mwenyewe, na alijua hivyo, na kujua kulimwongezea haya.

Basi akajaribu kurekebisha mambo kwa chombo alichokizoea. Jumapili ikafika, akamtuma Mwindaji kutubu. Alimvusha ziwa la moto akiwa amebeba kibakuli kichwani. Alimpambanisha na zimwi lenye macho ya paka mgongoni. Akamrudisha nyumbani akiwa amechubuka, akamwangusha miguuni pa Binti Ukungu, na Binti Ukungu akamwinua, akamfuta machozi kwa nywele zake. Mzee mmoja alipenga kamasi hadharani. Masinde alitembea kwenda nyumbani kifua mbele, akiwa na hakika kwamba safari hii maneno yatamfikia mkewe kabla yake.

Yalikuwa yamemfikia. Naliaka alikuwa anafunga nguo zake katika shuka.

"Huyo mwanamke wako wa Menengai anasamehe upesi," alisema. "Mwambie mimi sina haraka."

Uso wa Masinde ulimshuka. Usiku ule alisikia Naliaka akipumua upande wa ukuta na hakuthubutu hata kukohoa.

Jumapili iliyofuata hakutaka kwenda kwenye mataruma, lakini Ogola alikuja kumwita kwa kelele, na kukataa kungemlazimu aeleze sababu. Akaenda, akaanza kwa sauti isiyo na chumvi. Hajafika mbali, akaona watu wa nyuma wanapisha njia. Naliaka alikuwa anakuja. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Aliinama kando ya reli, akachagua kokoto bila haraka, akaja akaliweka mbele ya miguu ya mumewe.

Wanaume walipiga makofi. Ogola alifurahi kuliko wote. "Leo mwenyewe amekuja! Leta mtihani, shemeji!"

"Huyo mtoto asiyeonekana," Naliaka alisema kwa Kiswahili, ili wote wasikie, "yule anapewa chakula kwa kibakuli. Iko na jina. Baba yake ataje jina."

Basi. Makofi yalikatika moja moja. Wale waliojua walijua, na wale wasiojua waliziona nyuso za waliojua.

Masinde alifumbua mdomo. Na hapa ndipo ninapomwonea hasira mpaka leo, maana hata hapo alijaribu ujanja. "Jina lake," alisema, "jina lake lilikuwa Umande, kwa sababu alizaliwa alfajiri—"

"Si hiyo," alisema Naliaka.

Masinde alijaribu tena. Midomo yake ilisogea. Mtu huyu alikuwa amewatoa wapenzi wale katika tumbo la chatu na kuwavusha moto, akarudisha sauti iliyoibwa na kufungiwa katika kibuyu. Sasa aliombwa neno moja, ambalo hata mtoto wa jirani alilijua, na halikutoka. Alitazama chini. Aliona viatu vya mkewe vikiwa na vumbi jeupe la magadi. Alitamani kafyu ianze saa ile ile, askari waje wawafukuze watu wote waende ndani, na yeye wa kwanza.

Naliaka alingoja, jinsi alivyokuwa akingoja karibu na jiko. Kisha akageuka akaenda zake. Ogola alivua kofia akaishika mbele ya tumbo. Watu waliondoka wawili wawili bila kuagana. Masinde alibaki peke yake na lile kokoto. Sheria ilikuwa sheria. Akaliokota, akalitia katika mfuko wa koti.

Usiku alilala nalo chini ya mto. Hakuna aliyemchunguza, angeweza kulitupa. Hakulitupa; kulipokucha alilirudisha mfukoni.

Asubuhi Naliaka alisimama mlangoni na kitambaa chake kichwani. "Leo tunakwenda wote kwa Wamalwa," alisema. "Umenizungusha vya kutosha."

Ofisi ya pasi ilikuwa na dirisha dogo la mbao, na mbele yake watu wamejipanga. Ogola alikuwa katika foleni, anataka pasi ya mama yake mzazi. Wengine walikuwa wa loko, wa vibendera vya kuongozea treni, wa stoo. Karibu wote walikuwa kwenye mataruma jana. Waliwaona wakija, wakapata kazi ya kutazama mikono yao. Masinde alisimama nyuma ya mkewe, kisha akaona haya kusimama nyuma, akasogea kando yake.

Zamu yao ilipofika, Wamalwa alichovya kalamu bila kuwaangalia sana. Naye pia alikuwa na haya, kwa kicheko chake.

"Kwenda wapi?"

"Bungoma," alisema Masinde.

"Nani anasafiri?"

"Bibi yangu. Naliaka."

Wamalwa aliandika. Kisha akauliza lile ambalo humuuliza kila mtu, kwa mazoea tu, mdomo ukitangulia akili. "Watoto?"

Kalamu ikasimama. Wamalwa alitambua alichosema, akaanza kutikisa kichwa, akaanza kujijibu mwenyewe, "Hakuna, naandika hakuna—"

"Mmoja," alisema Masinde.

Naliaka hakugeuka.

"Ndugu yangu," Wamalwa alisema polepole, "huyo..."

"Umeniuliza watoto. Niko na mtoto moja." Sauti yake haikuwa ile ya mataruma. Ilikuwa mbaya, ya kukwaruza, na ilikatika katikati. Alishika ubao wa dirisha kwa mikono miwili. "Nasimiyu," alisema. "Jina yake Nasimiyu. Tulimzika hapa Nakuru. Mimi ndiyo nilikataa kumpeleka nyumbani. Sikuomba hata ruhusa."

Na hapo, mbele ya watu wa loko na wa vibendera na wa stoo, Masinde alilia. Hakulia vizuri. Alilia kwa kamasi na kwa mlio, mdomo wazi, kama watu wanavyolia kwenye maziko, maana maziko ya mtoto wake alikuwa bado hajayahudhuria. Hakuna shimo lililofunguka kummeza. Alibaki pale pale, akionekana na kila mtu, na hakuificha sura yake.

Wamalwa aliondoka dirishani kwa muda. Aliporudi alikuwa amejifuta. "Huyo haandikwi kwa pasi," alisema kwa upole.

"Najua."

"Sasa niandike nani na nani?"

Hilo halikuwa swali la Masinde. Naliaka aliitazama karatasi.

"Andika mimi na yeye," alisema. "Ataomba ruhusa leo. Kuna watu nyumbani hawajaambiwa na mdomo wake."

"Kwenda tu?" Wamalwa aliuliza.

Naliaka alifikiri. "Kurudi acha wazi kwanza," alisema.

Wamalwa aliandika kama alivyoambiwa, ingawa sijui sheria za reli zilisemaje juu ya hilo. Wakatoka nje. Masinde alitembea hatua moja nyuma yake, akijipangusa uso kwa mkono wa koti, bado akiwa na haya, haya ambayo ilimkaa siku nyingi na ambayo mimi sidhani ilimdhuru. Watu walipomwuliza baadaye Mwindaji alilitajaje lile jina, aliwaambia hadithi imeishia pale, na wakimsumbua aliondoka.

Kwenye kona ya ofisi, pale reli inapopita karibu na njia, Naliaka alisimama. Alinyoosha mkono bila kumtazama, kiganja kikiwa wazi.

"Lete jiwe langu," alisema, "Baba Nasimiyu."